Ua linalokimbia limefunika mkorosho wa jirani

Leo sina ratiba ya mbolea wala dawa ya wadudu. Leo nimekuja kugombana.

Tangu viwanja vianze kuuzwa kwa kasi huku Kerege, kila mwenye uzio wa waya anataka ua la kutambaa, tena limalize uzio ndani ya msimu mmoja. Pale barabarani, kuanzia Mapinga mpaka Zinga, swali la mnunuzi ni moja: "Lipi linakimbia zaidi?" Anapewa kiriba, analipa, anaondoka. Haulizi likishamaliza uzio litakwenda wapi.

Litakwenda kwenye mti. Nasema hasa lile la vishada vya rangi ya waridi na majani yenye umbo la moyo, asili yake Mexico, na lile la maua makubwa ya buluu lililotoka India. Yote mawili yana viazi chini ya ardhi. Ukifyeka leo, mvua ikinyesha yanachipua kama hukugusa kitu. Lile la waridi mbegu zake huelea, kwa hiyo mfereji wa maji unalipeleka kwa mtu ambaye hakulinunua.

Niliitwa na mama mmoja huku kwetu. Mikorosho yake mitatu ya mpakani imefunikwa mpaka juu kama imevishwa kanga. Kwenye picha inapendeza. Korosho hakuna. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi, upande wa nje unaopata jua. Ukifunika ncha hizo, umefunika mavuno. Na ua halikuwa lake, lilikuwa la jirani. Wakafikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nami nakiri: yule jirani aliponiuliza kabla ya kupanda, nilimjibu "ni ua zuri, panda tu". Nilitazama maua, sikuuliza mizizi.

Muuza miche utasema nakuharibia biashara. Hapana, uza pasheni. Ua lake nani analishinda? Panda ile ya njano, ndiyo inayovumilia joto la pwani. Ile ya zambarau inapenda baridi ya milimani. Ila usiwauzie watu vipandikizi vya mama mmoja. Pasheni ya njano haijichavushi: maua yatajaa uzio mzima, matunda yasionekane, na mteja atasema umemroga. Toa mbegu kwenye matunda ya mashamba tofauti, na kila mteja apande angalau miche miwili au mitatu isiyo ya mama mmoja. Maua yanafunguka mchana, na wanaoyahudumia ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Kwa hiyo anayepuliza dawa saa saba mchana anafukuza vibarua wake mwenyewe. Uzio uwe na nguzo imara, maana pasheni iliyokomaa ni nzito. Nayo isipande kwenye mwembe; siyo kwamba nimeipa ruhusa.

Mwenye haraka zaidi apande dodoki. Maua ya njano, uzio unajaa upesi, na msimu ukiisha mmea unakufa wenyewe bila kukuachia kiazi. Madodoki yaache yakauke juu ya mmea, menya ganda, kung'uta mbegu, osha, anika. Hilo linauzika gengeni. Fiwi nayo ina maua ya zambarau au meupe, inarutubisha udongo, na majani yake mbuzi wanayafurahia. Fiwi kavu chemsha vizuri na umwage maji ya kwanza, usipike kama maharage ya kawaida.

Ambao ua lile limeshawaingia, msikimbilie panga. Kata shina karibu na ardhi, acha yaliyo juu ya mti yakauke yenyewe, maana ukivuta kwa nguvu unavunja matawi ya mkorosho. Kisha chimba viazi vyote, hata vidogo, uvianike juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa. Usivitupe bondeni. Rudi kukagua kila baada ya mvua, masika na vuli, kwa sababu kuna kimoja utakuwa umekiacha.

Mbegu za dodoki ninazo kidogo ofisini. Njoo uchukue, ila uje na kiazi ulichochimba nikione.