Nani hulipia hisani ya kiondo?

KILA Oktoba, mwezi wa uhamasisho kuhusu saratani ya matiti, bidhaa za mikono hujitokeza madukani zikiwa na utepe wa rangi ya waridi na ahadi kwamba sehemu ya mauzo itawafikia wagonjwa. Ni ahadi inayoweza kubandikwa kwa urahisi kwenye kiondo kilichosukwa Kola, eneo la Kalama, Kaunti ya Machakos.

Nia yenyewe haina lawama. Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, yanaonyesha kuwa mwaka wa 2022 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kikomo cha awali cha matibabu ya saratani kilikuwa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka. Pesa hizo zikiisha kabla ya matibabu kwisha, familia hurudi kwenye harambee.

Suala ni mfuko unaotoa hisani hiyo.

Chukua mfano. Kiondo kinauzwa Nairobi kwa Sh2,000, na msusi amelipwa Sh600. Mwenye duka anatangaza kutoa asilimia 10 ya mauzo, yaani Sh200. Iwapo safari ijayo dalali atamlipa msusi Sh400 badala ya Sh600, faida ya wakubwa haitakuwa imeguswa hata kidogo. Mama aliyechuna mkonge, akasokota uzi pajani na kusuka kwa siku kadhaa ndiye atakayekuwa ametoa thuluthi ya ujira wake, bila kuulizwa, na jina lake halitaonekana kwenye hundi.

Kuna mtego mwingine katika neno "faida". Asilimia 10 ya faida si sawa na asilimia 10 ya mauzo. Kodi ya duka, usafiri na matangazo vikishatolewa, huenda isibaki hata shilingi ya kugawa. Nchini Marekani, shirika la Breast Cancer Action lilianzisha kampeni mwaka wa 2002 kuwataka wanunuzi wahoji kiasi kinachotolewa, na kinakopelekwa, kabla ya kununua bidhaa zenye utepe huo.

Ukambani, hata hivyo, kutoa si jambo la kufunzwa na wenye maduka. Vikundi vya mwethya, ambavyo vilichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo Machakos, vimejengwa juu ya zamu na michango inayojulikana na kila mwanachama. Anayetoa hujua ametoa kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye kibandiko chenye maneno "sehemu ya mauzo".

Kibandiko kingeweza kutaja mambo matatu tu: shilingi alizolipwa msusi, shilingi zinazokwenda kwa wagonjwa, na jina la shirika linalozipokea, mathalani Faraja Cancer Support Trust la Nairobi, lililoanzishwa 2010. Mchango huo uongezwe juu ya bei, ulipwe na mnunuzi, baada ya msusi kupata haki yake. Kiondo cha Sh2,000 kingeuzwa Sh2,200, na mnunuzi akikiona ni ghali, hilo litakuwa jibu lake, si la mama wa Kola.