Kiongozi wa Michezo Chuoni Si Mtunza Mipira

Ipo kasumba iliyoota mizizi katika vyuo vyetu, na vyuo vinavyoendeshwa na mashirika ya dini havikusalimika nayo. Anapotafutwa mtu wa kuongoza michezo, hutazamwa nani ana vipindi vichache, au nani ni kijana asiyeweza kukataa. Huyo hukabidhiwa ufunguo wa stoo, mipira miwili na filimbi. Mwaka unaofuata huhamishwa, na anayempokea huanza upya kana kwamba hakuna lililowahi kufanyika. Kisha wakubwa hao hao hushangaa kwa nini taifa lenye vijana wengi wenye nguvu halina wanariadha wa kutosha.

Jambo hili linafaa kuzungumzwa Ifakara. Katika mji huu unaopakana na Mto Lumemo, Kanisa Katoliki limefanya kazi ya afya na elimu kwa miaka mingi, na hatimaye likaanzisha chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kinachofundisha udaktari. Vijana wa bonde hili hukua wakiendesha baiskeli kwenda shamba la mpunga na kutembea mwendo mrefu kwenda shule. Miguu ipo. Swali ni nani wa kuiongoza, na kwa muda gani.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1976, mwaka ule ule reli ya TAZARA ipitayo Ifakara ilipokabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia, Bruda Colm O'Connell, raia wa Ireland wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick, alifika Iten katika Bonde la Ufa la Kenya. Alikwenda kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa kocha, wala hakuwa amepata kuwa mwanariadha wa kutajika. Riadha ya shule wakati huo ilikuwa mikononi mwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa mkimbiaji Brendan Foster. Foster aliporudi kwao, Bruda Colm alibaki na kazi hiyo.

Neno la kuzingatia hapo ni kubaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa mgeni wa siku mbili. Bruda huyu alikuwa amekusudia kukaa kwa muda mfupi tu, akakaa zaidi ya miongo minne. Alijifunza kazi yake kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia, kwa kuwauliza, na kwa kuwasahihisha polepole. Aliwafahamu vijana tangu wakiwa wadogo, akakataa kuwachosha kwa mazoezi mazito kabla miili yao haijakomaa. Mwaka 1989 alianzisha kambi za vijana wakati wa likizo, na wasichana wakapata nafasi humo, katika siku ambazo wengi walidhani riadha ya kulipwa ni shughuli ya wanaume.

Matunda yake yanajulikana duniani. Ibrahim Hussein, aliyesoma shuleni hapo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, na mwaka 1988 akashinda ile ya Boston. Katika mashindano yote mawili alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kuikumbuka Boston ya mwaka huo, kwa kuwa aliyeshika nafasi ya pili, nyuma ya Hussein kwa sekunde moja tu, alikuwa Juma Ikangaa wetu. Mwaka 1988 huo huo Peter Rono, kijana mwingine wa shule hiyo, alitwaa medali ya dhahabu ya meta 1,500 katika Olimpiki ya Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Baadaye David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda Colm, alishinda meta 800 katika Olimpiki ya London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91, akashinda tena Rio mwaka 2016.

Habari ya Rono ina funzo la pekee kwa wenye vyuo. Aliposhinda Seoul alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki kilichopo Emmitsburg katika jimbo la Maryland, Marekani, chini ya kocha Jim Deegan. Hicho hakikuwa chuo kikubwa wala maarufu. Kilikuwa na mtu aliyepewa kazi ya riadha kama kazi, naye akajua mahali pa kutafuta vijana na namna ya kuwalea hadi wamalize masomo. Shule ya Kanisa huko Iten ilipanda, chuo cha Kanisa huko Maryland kikapalilia. Sisi nasi tunazo shule, tunavyo na vyuo. Kinachokosekana ni mkono unaounganisha viwili hivyo.

Watakuwapo watakaosema kwamba Iten ipo takriban meta 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambapo hewa nyembamba huyakomaza mapafu, na kwamba Ifakara haifiki hata meta 300. Ni kweli, na mwenye busara hataahidi mabingwa wa marathoni kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Lakini mlima hautoi ratiba ya mazoezi, wala haumfundishi kijana uvumilivu. Sisi wenyewe tunayo milima ya Mbulu. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, na ya maili moja huko Kingston mwaka 1975. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Tangu hapo hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hatukupata medali nyingine ya Olimpiki. Je, milima ilihama? Milima ipo palepale. Tulichokosa ni walimu wa kukaa chini yake kwa muda mrefu. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya ubingwa wa dunia huko Tokyo mwaka 2025, tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Lakini shangwe si mpango.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi wa udaktari hana muda wa kukimbia. Hao na wakumbuke kwamba mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, tarehe 6 Mei, 1954, alikuwa Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari katika hospitali moja ya London, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa magonjwa ya neva. Isitoshe, daktari anayehitimu leo atakutana na wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari, naye atawashauri wafanye mazoezi. Atawashauri kwa ushahidi gani, ikiwa kwa miaka yote ya masomo yake hajapata kuvaa raba?

Ipo pia hoja ya maadili, ambayo chuo cha Kikristo hakiwezi kuikwepa. Umaarufu wa riadha huleta fedha, na fedha huleta vishawishi. Mwaka 2016 Kenya, pamoja na mabingwa wake wote, ilitangazwa na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu kuwa haijatimiza masharti. Kijana aliyelelewa na mwalimu anayemfahamu, anayejua anakula nini na anatembea na nani, ana kinga kubwa kuliko aliyeokotwa na wakala mjini. Kiongozi wa michezo wa chuo cha dini ni mlezi kwanza, na kocha baadaye. Asipokuwa mlezi, medali atakazoleta zinaweza kugeuka aibu.

Kwa hiyo basi, tunapendekeza mambo manne, na wenye dhamana wayapime. Kwanza, mkurugenzi wa michezo wa chuo awe mtumishi kamili, mwenye sifa za kazi hiyo na mshahara wake, na asihamishwe kabla ya miaka kumi ila kwa kosa au kwa ridhaa yake. Pili, awe na kiti katika vikao vinavyopanga ratiba za masomo, ili mwanafunzi asilazimishwe kuchagua kati ya mtihani na mashindano. Tatu, kazi yake isiishie kwenye uzio wa chuo. Awashike mkono walimu wa shule za msingi na sekondari za Lumemo na kata za jirani, awasaidie kutambua vipaji katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kwa maana samaki hukunjwa angali mbichi. Nne, wasichana wawe na nafasi sawa tangu siku ya kwanza, wasingoje kuhurumiwa baadaye.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai uwanja wa mamilioni. Iten ilianza na njia za udongo mwekundu na mwalimu wa jiografia. Bonde la Kilombero lina njia za udongo za kutosha, isipokuwa katika majira ambayo Lumemo hufurika, na hata hapo zipo siku za kiangazi za kufidia. Lina walimu pia. Kinachosubiriwa ni wakuu wa vyuo kuamua kwamba kuwalea vijana kwa michezo ni kazi ya mtu mzima, inayostahili heshima na muda, kisha wamwache mtu huyo aifanye.