Mama Anayenyonyesha Si Soko la Dawa za Nywele

Nisikizeni akina mama wa Ukunda, Diani, Msambweni mpaka Lunga Lunga. Na nyinyi wauza mafuta ya nywele msikimbie, maana hii inawahusu zaidi.

Mama akijifungua, miezi miwili mitatu baadaye nywele zinaanza kumwagika. Akichana, kitana kimejaa. Pembe za paji zinabaki wazi. Anaingiwa na hofu, na hapo ndipo watu wanapomshukia. Huyu ana kichupa cha "kukuza nywele" kisicho na lebo, yule ana dawa ya kupaka iliyotoka nje, mwingine anamwambia aachishe mtoto ziwa kwa sababu "mtoto anakunyonya mpaka nywele".

Wacha niseme wazi: mtoto hanyonyi nywele za mtu. Wakati wa mimba, homoni ya estrojeni hupanda na kuzishikilia nywele ambazo kwa kawaida zingeanguka. Ukishazaa homoni inashuka, na zile zilizoshikiliwa zinaondoka kwa pamoja. Hata mama asiyenyonyesha zinamtoka. Na wengi hurudi kawaida mtoto akikaribia mwaka, bila dawa yoyote.

Sasa ona biashara ilivyo tamu. Mama anauziwa kichupa mtoto akiwa na miezi mitano. Akifika miezi kumi nywele zimejaa, anapigwa picha ya "kabla na baada", inawekwa TikTok. Jamani, hata angepaka maji ya kisima zingerudi! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ingekuwa ni hasara ya pesa tu, ningenyamaza. Lakini dawa inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni minoksidili, na hiyo si mafuta ya nazi. Ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaota nywele mwilini, ndipo ikageuzwa ya kupaka kichwani. Ikimezwa, inapita kwenye maziwa ya mama. Na ikipakwa, mtoto analala kifuani, anashika kichwa chako, kisha anatia mkono mdomoni.

Mwaka wa 2019 huko Uhispania, minoksidili ilichanganywa kimakosa na dawa ya tumbo ya watoto. Watoto wachanga wakaota nywele usoni na mwilini. Wale walimeza moja kwa moja, si kupitia ziwa, na sisemi ni sawasawa. Nasema mwili wa mtoto mchanga si uwanja wa kujaribia.

Najua mtanijibu kuna madaktari wanaoona ile ya kupaka, ikiwa kidogo, si hatari kubwa. Sawa. Lakini daktari amekuuliza mtoto ana umri gani, alizaliwa kabla ya wakati ama la, na wewe presha yako ikoje. Aliyekuuzia kwenye WhatsApp alikuuliza nini zaidi ya "unalipa kwa M-Pesa?"

Na vidonge vya finasteridi, ambavyo ni vya upara wa wanaume, usiguse kabisa hata kama mumeo anavyo kabatini. Mjamzito hatakiwi hata kushika kilichovunjika.

Wala simwambii mama "ni nywele tu, vumilia". Kuona kichwa chako kinapukutika kunauma, na anayekucheka hajui. Ndiyo maana nadai kliniki za kina mama zitwambie mapema, kabla hatujazaa, kwamba nywele zitamwagika na kwa nini. Dakika mbili zinatosha. Tukilijua hilo, nani atatutisha?

Zikizidi, zikitoka kwa mabaka, au zikipita mwaka, nenda hospitali upimwe damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu baada ya kuzaa ni jambo la kweli, na kichupa hakiongezi damu. Legeza pia hizo rasta za kuvuta kwenye paji.

Nanyi wauzaji: andikeni kilichomo ndani, na muulize kila mteja kama ananyonyesha. Akisema ndiyo, mpeleke kwa mfamasia na muache hela yake. Kama huwezi kupoteza mauzo ya mteja mmoja kwa ajili ya mtoto wa mwenzio, basi usijiite mkombozi wa akina mama.