Mkimya si mzembe
Nilipokuwa beki wa kulia wa timu ya mtaa, kocha alinibandika jina "Bubu". Wenzangu wakiimba kwenye daladala, mimi nilikaa dirishani nikimuwaza winga nitakayemkaba. Jumamosi moja kocha akaniweka benchi: "Huna moto." Moto upi, wa kelele?

Mtazameni N'Golo Kanté, mchezaji mkimya kama mimi. Alitwaa Ligi Kuu England na Leicester City 2016, akarudia na Chelsea 2017, kisha Kombe la Dunia na Ufaransa 2018. Siku ya fainali hiyo aliona haya hata kuliomba kombe alishike. Wenzake ndio waliomsogezea. Naye hakuwa na moto?

Makocha, debe tupu haliachi kuvuma. Kabla hamjamweka mkimya benchi, mwiteni pembeni mumuulize ameona nini uwanjani. Mtashangaa.