Tudai Asilimia 15 Yetu Kabla Ugonjwa Mwingine Haujafika

Ndugu zangu wa Dilala na Manika, wa Luilu na Fungurume, na nyote mnaoishi kwa shaba na kobalti ya Lualaba:

Kinshasa ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona tarehe 10 Machi 2020. Kwetu Kolwezi, njaa ilitangulia virusi. Bei ya shaba duniani ilishuka chini ya dola 5,000 kwa tani, na Afrika Kusini ilipofunga shughuli zake mwishoni mwa mwezi huo, njia ya bandari ya Durban, iliyopitisha kobalti yetu, ikakwama. Mchimbaji alipanda kutoka shimoni na mfuko wake begani, akakuta depo imefungwa, au mnunuzi akimtajia bei asiyoweza kuibishia. Nyumbani mama watoto anangoja pesa ya unga wa bukari. Unga huo mwingi ulikuwa ukitoka Zambia na bei yake ikifuata dola, wakati faranga yetu ilikuwa inaporomoka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia abaki nyumbani, umemwambia alale njaa. Ukimwambia anawe mikono kila mara, mwonyeshe kwanza maji, maana bidoni moja ya kununua ndiyo ya kupikia, kunywa na kuogeshea watoto.

Migodi mikubwa mingi haikusimama. Makampuni kadhaa yaliwafungia wafanyakazi ndani kwa wiki nyingi, wake na watoto wakibaki nje, ili shaba iendelee kutoka. Nayo ilitoka: uzalishaji wa Kongo uliongezeka mwaka huo wa 2020, na Mei 2021 tani moja ilipita dola 10,000. Mali haikukosekana, ndugu zangu. Ilitupita barabarani, juu ya malori ya kwenda Kasumbalesa.

Sheria ya madini ya 2018 inasema wazi kwamba asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya makampuni kwa madini yanayochimba, ni ya komine, sekta au usultani ambako mgodi upo. Juu ya hapo, kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakazi. Hiyo ni haki yetu, si sadaka. Ndiyo inayopaswa kuchimba visima, kulipa wauguzi wa vituo vyetu vya afya, na kuweka oksijeni mahali mgonjwa anapoweza kuifikia.

Na sisi tuna sehemu yetu ya lawama. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya Korona Machi 2021, kisha zaidi ya milioni 1 zikahamishiwa nchi nyingine. Kampeni ilichelewa, na wengi tulisadiki uvumi. Mpox ilipotangazwa dharura ya dunia Agosti 2024, kitovu chake kilikuwa nchi yetu hii hii. Tusingoje janga la tatu.

Likelemba, yaani vikundi vyetu vya kuchangiana fedha, tunazijua. Kila mtaa na uanzishe moja ya matibabu tu, na wachimbaji wa shimo moja wafanye hivyo hivyo. Kisha twendeni pamoja kwenye ofisi ya komine, akina mama, wachimbaji, walimu, wachungaji na maimamu, tuulize mbele ya watu: mrabaha wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na umejenga nini? Tusiondoke bila jibu la maandishi.