Saa ya Kompyuta Ipimwe Zaidi ya Mara Moja
Hoja kwamba kipimo kimoja cha saa chatosha kompyuta inapowashwa haina mashiko. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux, prosesa isipotangaza kasi yake, huihesabu mipigo yake sambamba na saa kongwe ya mipigo 1,193,182 kwa sekunde. Katikati ya upimaji, programu iliyomo katika ubao mama huweza kuiteka prosesa pasi na kiini kutambua (usingizi wa pono huo!), matokeo yakapotoka. Kosa la moja kwa elfu, lisiposahihishwa kupitia mtandao, huipotosha saa kwa takriban sekunde 86 kila siku. Kumbukumbu za benki katika mashine mbili zikakinzana. Heri kiini kirudie, kiteue kipimo kidogo zaidi, maana ucheleweshaji aghalabu huivimbisha hesabu. Wenye haraka watadai milisekunde zinapotea. Zipotee.