Delko: kifaa kidogo kinachosimamisha gari



Wiki iliyopita gari la kundi letu, lile la zamani la esansi, lilipakiwa mchele na mawese ya kupeleka Kasongo. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi motere ikakataa kuwaka. Fundi mmoja akasema motere imekufa, tutafute pesa ya nyingine. Mweka hazina alikuwa amekwisha kufungua sanduku, na ndani ndimo mlimo akiba ya wamama watakaojifungua. Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva akaomba kitambaa kikavu tu. Alifungua kofia ya delko, akapangusa maji, akairudisha. Gari likawaka.

Delko ni nini? Ni kifaa kinachogawa moto kwa kila buji kwa zamu yake, kama mama anavyogawa chakula kwa watoto. Jina limetoka kwa kampuni ya Dayton, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1909. Gari la mazuti halina delko, kwa hiyo msidanganywe.

Kuiona si kazi ngumu. Shikeni waya mnene unaotoka kwenye bobini, ufuateni mpaka unapoishia: ni katikati ya kofia nyeusi ya delko. Motere ya buji 4 ina waya 5 kwenye kofia: 4 za buji na 1 ya bobini.

Kabla ya kugusa, zimeni motere, ondoeni ufunguo, na mtu asivute sigara karibu na esansi. Waya za buji zina umeme mkali sana. Fungeni vikwembe vizuri, feni isivikamate motere ikiwashwa.

Wekeni alama kwenye kila waya kabla ya kuutoa, maana zikichanganyika gari haliwaki. Fungueni kofia. Ikiwa na maji, ipanguseni. Ikiwa na ufa, ibadilisheni. Ndani kuna kidole kinachozunguka, na chini yake, kwenye magari ya zamani, kuna platini zinazofunguka na kufungana. Zikiungua, zisugueni kidogo kwa msasa laini. Zikiwa zimefunguka kabisa, nafasi kati yake huwa karibu milimita 0,4, lakini kitabu cha gari ndicho kinachosema kipimo halisi.

Jambo la mwisho ni saa ya moto. Chini ya delko kuna bulani inayoishika. Ikilegezwa, delko nzima inaweza kuzungushwa kidogo. Moto ukichelewa, gari linakosa nguvu na kunywa esansi nyingi. Ukiwahi mno, motere inagonga kwenye mlima. Hapo mwiteni fundi, lakini kwanza achore alama mahali delko ilipokuwa, ili akikosea arudi pale pale.

Sisemi kila mama awe fundi. Nasema asiwepo mama wa kutoa pesa ya akiba kwa kitu asichokiona. Fundi akisema kitu kimekufa, mwambieni: «Tuonyeshe.» Na msichana wenu akitaka kushika turnevisi, mwacheni ashike. Nyumba yenye mtoto anayejua delko haitatapeliwa kirahisi.

Tuonane wiki ijayo.

Mwalimu wenu